Fundi Sita na Kitambaa Kisichokauka

Leo, tarehe thelathini Juni, Fundi Mkuu wa karakana yetu ya pikipiki za misafara anastaafu, baada ya kutumika miaka thelathini na minne, miezi miwili na glasi arobaini na moja. Miaka na miezi imo kwenye faili lake. Glasi nimezihesabu mimi, mama wa jiko la chai, kwa kuwa zilikuwa zangu, na ndiyo maana kamati ya sherehe imeniomba nimseme. Wengine waliogopa wasije wakateleza ulimi. Mimi nampenda, kwa hiyo siogopi kitu.

Aliingia hapa kijana mwembamba, suruali kaifunga kwa kamba, akapewa brashi na ndoo aoshe minyororo. Mwaka wa tatu ikaletwa pikipiki moja kubwa ya silinda sita, ya kutangulia misafara ya wageni wazito. Nyingine zote zilikuwa na silinda moja au mbili, na chache nne. Hii ilikuwa nazo sita, zimejipanga mstari mmoja mbele ya magoti ya dereva, na mabomba sita ya moshi, matatu kushoto, matatu kulia. Ilipowashwa, kijana aliweka brashi chini, na mimi sijamwona akiiokota mpaka leo.

Basi jina likawa Fundi Sita, na mkewe akaibatiza pikipiki Bi Mdogo. "Mke mwenzangu hapiki, hafui, wala hazai," mama watoto husema kila akipita hapa, "lakini asubuhi ndiye anayeulizwa ameamkaje." Mzee alitaka na watoto pia wawe sita. Walipofika watano, mama watoto akatangaza kwamba kwake injini imezimwa na ufunguo ameutupa.

Hakuna aliyeingia getini asihubiriwe. Msoma mita za maji alikuja kwa dakika mbili, akatoka baada ya saa nzima anaijua krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kuliko anavyoijua mita. Mahubiri yenyewe nayajua kwa moyo. Silinda moja, anasema, ni mwanamume mwenye hasira anatwanga kinuni peke yake: kila mchi ukishuka, nyumba nzima inaruka. Mbili wanapokezana, ila wamenuniana. Nne wamepatana, lakini mnong'ono haujaisha. "Sita sasa, ndugu yangu! Huyu akipanda, mwenzake anashuka. Huyu akisukuma huku, yule anasukuma kule, mtikisiko unamezwa humo humo tumboni. Na kwa kuwa kila pistoni ni ndogo, inakimbia bila kuhema. Ukizungusha mkono wa mafuta haikurupuki. Inamiminika."

Asiyoyahubiri ni haya. Bi Mdogo ni mpana, akiingia kwenye kona utadhani mtu amebeba kitanda anatafuta mlango. Madereva wameungua miguu kwa joto lake. Kabureta zake ni sita, na kuzipatanisha huanza na chai ya asubuhi, huisha na chakula cha mchana. Ya sita ikikubali, ya kwanza imeshabadili mawazo. Ukimwambia hayo, Fundi anakuwa kiziwi ghafla. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Ndipo akabuni mtihani wake. Kila pikipiki inayotoka hapa lazima iwekewe glasi ya chai juu ya injini, imejaa mpaka mdomoni, kisosi chini yake, kisha moto upigwe mpaka mshale uguse alama nyekundu. Fomu ya makao makuu haina mstari wa glasi, kwa hiyo aliuchora mwenyewe kwa rula. Kwenye silinda moja glasi ilicheza ngoma, ikaruka. Kwenye mbili ilitembea polepole hadi ukingoni, ikatafakari, ikajitupa. Kwenye nne ilimwaga kidogo, kwa adabu. Kwa Bi Mdogo ilitulia tuli. Glasi arobaini na moja zimekufa kuthibitisha jambo ambalo hakuna aliyelibishia.

Mcheke mkitaka, lakini kwa miaka yote hiyo hakuna msafara uliowahi kusimama njiani kwa ubovu wa injini iliyopita mikononi mwake. Hata mmoja. Na miaka miwili iliyopita wakubwa wa makao makuu walikuja kuona maajabu yake. Alichomoa waya mmoja wa plagi, unaopeleka cheche kwenye silinda, mbele yao, akawaonyesha kwamba hata ukimlaza mmoja, watano waliobaki wanabeba mzigo bila kulia. Wakubwa wakapiga makofi. Akatoka nao, bado anaeleza, wakaja jikoni kwangu kunywa chai.

Baada ya hapo maneno yakaanza kuniangukia mimi. Kila Jumatatu Bi Mdogo alipopewa mtihani, chai ilitetemeka. Haikumwagika sana, tone hapa, tone pale, lakini ilitetemeka. Fundi akasema glasi zangu vitako vyake haviko sawa. Nikabadili glasi. Akasema chai ni nyepesi, sukari inge­izidishia uzito. Nikatia sukari mpaka kijiko kikasimama. Akasema ni upepo, akafunga madirisha, sote tukavuta moshi kwa ajili ya heshima ya silinda sita. Kisha kila Jumatatu akaandika daftarini: "Sita, sawa." Mtu huyu anasikia skrubu iliyolegea kwenye pikipiki ya jirani iliyopita mtaa wa pili! Lakini nyani haoni kundule, na Fundi hakuisikia Bi Mdogo.

Mwaka huu Mkuu wetu wa Karakana, kijana msomi, mpenda chati, akaitisha kikao. Akasema tunatunza pikipiki ishirini na tisa, na moja peke yake inakula asubuhi ya fundi mzima. "Silinda mbili zinatosha," akasema. "Hata binadamu ana miguu miwili."

"Nzi ana sita," Fundi akamjibu. "Mkamate."

Kikao kizima kikacheka. Mkuu hakucheka, aliandika. Ikatoka barua kwamba Fundi akistaafu, Bi Mdogo naye apelekwe kwenye vyuma chakavu, kwa kuwa hakuna mwingine atakayemwelewa. Fundi akaomba jambo moja tu: mtihani wa glasi mbele ya watu wote, Ijumaa ya wiki iliyopita. Likidondoka tone moja kwenye kisosi, Bi Mdogo apande lori. Mkuu akakubali, na kwa kuwa ni mtu wa mipango, akaagiza lori lije mapema.

Wiki ile Fundi hakunywa chai. Miaka thelathini na minne hajawahi kuniachia kikombe kimejaa. Jumanne nilimkuta kapiga magoti na pima maji, anapima sakafu. Alikuwa na glasi aliyoileta kutoka kwao, kaificha mfukoni. Nikajua naye ameshaiona ile chai inavyotetemeka, ila hana ujasiri wa kumuuliza Bi Mdogo una nini.

Sasa nisikilizeni. Kila asubuhi akimpasha moto Bi Mdogo, mimi huanika vitambaa vyangu sita vya meza juu ya yale mabomba sita. Maji ya chai yakichemka, vimekauka. Lakini kwa miaka miwili kitambaa cha sita kilikuwa kinabaki kibichi, na kinanuka petroli. Mkuu aliwahi kuunda kamati ya kuchunguza kwa nini meza yake inanuka petroli. Kamati ikakaa mara tatu, ikashauri ikae tena. Mimi nilidhani lile bomba limezeeka, limepewa kazi nyepesi. Masijala nako wako sita, na mmoja hana joto, na mafaili yanatembea hivyo hivyo. (Anajijua. Sasa hivi amefungua karatasi ya ratiba ya sherehe akitafuta saa ya chakula.)

Jumatano nilivihitaji vitambaa vyote kwa ajili ya meza ya wageni. Nikakichukua kile kibichi, nikakitia Fundi mkononi. "Mdogo wangu," nikamwambia, "bomba lako hili la mwisho ni la mapambo?"

Alikitazama. Akakinusa. Injini ilikuwa inanguruma. Akanyoosha kiganja kitupu, akaligusa bomba la sita, na hakukiondoa. Lilikuwa baridi kama sahani ya jana. Akapitisha mkono nyuma ya tangi, akautoa ule waya wa plagi, umekaa vizuri tu pale pale alipoukunja mbele ya wakubwa ili wapige makofi. Hakuwahi kuurudisha. Miaka miwili mhubiri wa silinda sita amehubiri akiwa na tano!

Akakaa juu ya ndoo. "Dada," akasema, "nimeandika 'Sita, sawa' mara mia."

"Basi andika ya mia na moja iwe kweli," nikamjibu. Kumbembeleza mtu mzima ni kumchelewesha.

Angeweza kuurudisha waya kimyakimya. Nani angejua? Mimi, na mimi ningenyamaza, Mungu anisamehe. Lakini Ijumaa watu wamekusanyika, lori liko getini linaunguruma, Fundi akasimama na daftari mkononi akasema yote: waya, wakubwa, makofi, Jumatatu mia moja za uongo. Mama watoto, aliyekuja kumwona mke mwenzake akichukuliwa, akaweka mkono mdomoni. Mkuu akalipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, na kila mtu alijua kwamba mwanamume yule anaweza kuondoka hapa bila Bi Mdogo na bila jina pia.

"Anza na tano," Mkuu akasema.

Silinda tano: matone matatu kwenye kisosi. Dereva wa lori akafungua mlango wa nyuma.

"Sasa sita."

Fundi akaurudisha waya. Nikajaza glasi mwenyewe, mpaka ikatuna mdomoni. Akapiga moto. Mshale ukapanda, ukapanda, ukagusa nyekundu, na ile sauti wahenga wangeisikia wangeitungia methali. Chai ikatulia. Mkuu hakuamini, akainama mpaka pua ikakaribia glasi, na hapo chai ikatikisika.

"Bosi," Fundi akamwambia taratibu, "hiyo ni pumzi yako."

Mkuu akazuia pumzi. Chai ikalala. Alikaa hivyo hadi macho yakamtoka, kisha akainuka, akaichukua glasi, akainywa yote, pamoja na sukari ile ile niliyozoeshwa kutia. Lori likaondoka na kabati bovu la masijala.

Kwenye daftari Mkuu hakufuta chochote. Chini ya zile Jumatatu mia aliandika: "Zilikuwa tano. Fundi amesema mwenyewe." Akatia sahihi. Na fomu sasa ina mstari mpya, umepigwa mhuri na makao makuu: "Je, vitambaa vyote sita vimekauka?" Fundi wa kike wa zamu ya asubuhi, aliyerithi funguo za Bi Mdogo, ndiye atakayeujaza. Ameshaambiwa na mzee mwenyewe: sikio hudanganywa na mapenzi, tumia kiganja.

Fundi Sita, mdogo wangu, asante kwa kila safari iliyofika. Asante hata kwa glasi, maana sasa nina za bati. Kesho tutawasha mitambo na kazi itakwenda, na atatokea mtu wa kusema hakuna kilichopungua. Mwongo huyo. Tutakuwa tunakwenda na watano, na mimi nitajua kwa kitambaa.

Kile cha sita nimekifua, nimekikunja, kiko kwenye kifurushi chako. Nenda ukapumzike salama, ule ushibe, ulale mpaka jua likukute kitandani, umuulize na mama watoto ameamkaje. Na ukipita hapa siku yoyote, usibishe hodi. Chai yako itakuwa imejaa mpaka mdomoni.