Milango Yote ya Gari la Murtaza

Benchi la Nguvumali, lililoegemezwa kwenye ukuta wa kibanda cha kinyozi, lilikuwa limebishania foleni za sabuni kwa miaka mingi. Sasa ulikuwa mwaka tisini na moja, vitu vya Dubai vimejaa Tanga, na jioni ile watu walibishania king'ora cha gari. Amour, fundi umeme wa magari, alikaa pembeni kabisa, kahawa ikimpolea mkononi. Wenzake humwita Fyuzi, naye huitika kwa kicheko. Leo alikuwa hacheki, maana king'ora hicho alikifunga yeye.

Siku tatu nyuma, saa ya magharibi, mwizi aliruka ukuta wa Murtaza, mfanyabiashara wa Raskazone, akafungua gari lililokuwa uani, akachukua mkoba wenye hati za nyumba na kutokomea. King'ora hakikulia hata kidogo. Ukimtoa fundi, swichi ya siri ya kukizima waliijua Murtaza na mlinzi wake Manase, basi. Manase akachukuliwa, na mpaka jioni ile alikuwa bado mahabusu.

— Manase ndiye, alisema Hansadi, karani mstaafu ambaye kila neno lake, kwa madai yake, limo kwenye kumbukumbu. Kakizima mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Mlinzi ataka hati za nyumba azifanyie nini? aliuliza Kiwembe, kinyozi mwenyewe. Wale ni wajanja wa Mombasa. Wanamwaga maji ya barafu juu ya betri, umeme unaganda. Ndiyo maana wahenga wakasema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Umeme unaganda?

— Wallahi! Muulize Fyuzi.

Amour alikohoa tu.

— Barafu mambo ya zamani, alisema Hansadi. Siku hizi wana kiredio cha mfukoni. Wanakibonyeza, king'ora kinalala. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba na haba imeingiaje hapo?

— Imeingia. Kunywa kahawa yako.

— Mimi nasema ni azima, alisema Kiwembe. Nchi ya ruksa hii, hata majini wamepewa ruksa. Mwizi kasomewa, kapita kwenye kioo bila kugusa mlango. Si ndivyo, Soud? Mambo ya kwenu Pemba hayo.

— Hasha, yakhe! Soud, muuza kahawa, aliweka dele lake chini. Kwetu sisi twachuma karafuu. Gari la mtu twalitakia nini?

Walicheka wote, isipokuwa Amour. Yeye alikuwa anajua. Alikuwa amejua tangu asubuhi ya kwanza aliposikia habari. King'ora alikiunga kwenye waya wa taa ya ndani: mlango ukifunguliwa, swichi yake huwasha taa, na taa ikiwaka king'ora hulia. Lakini gari lile kuukuu lilikuwa na swichi kwenye milango miwili ya mbele tu. Ya nyuma ilitaka kutobolewa na kuwekewa swichi mpya, na swichi hizo hazikupatikana Tanga nzima. Akajiambia zikija ataziweka. Murtaza alipomuuliza, "Milango yote, fundi?" alijibu, "Yote, bosi," akafungua wa dereva, kikalia mpaka majirani wakatoka kumpigia makofi. Tangu hapo kila mwenye gari alimtaka yeye.

— Hodi hapa. Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia.

Alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni na vumbi la safari miguuni.

— Mimi naitwa Benedikta, mke wa Manase. Nimetoka Maramba alfajiri. Nimeambiwa fundi wa lile gari hukaa hapa.

Benchi zima liliinamisha macho. Hansadi akajipangusa mdomo, ingawa haukuwa na kitu.

— Mimi nina swali moja tu, alisema Benedikta. Huyu mtoto nilipokwenda kumzaa, mama Zehra, mke wa bosi, alinipeleka hospitali na gari lile. Nilikaa kiti cha nyuma. Manase akanifungulia mlango, nikawa napapasa kandambili gizani. Taa haikuwaka mpaka mama Zehra alipofungua mlango wake mbele. Sasa, naambiwa king'ora hufuata taa hiyo. Nauliza, ukifungua mlango wa nyuma, ile taa inawaka?

Kiwembe alimtazama Hansadi. Hansadi alimtazama Soud.

— Labda balbu ilikuwa imeungua, alisema Kiwembe kwa sauti ndogo. Fyuzi, usijibu. Kesho nani atakupa gari?

Amour aliweka kikombe chini. Aliona haya, haya ya kumtoa machozi mtu mzima.

— Haiwaki, dada. Na king'ora hakilii. Nilijua siku nilipokifunga, nikamwambia bosi milango yote. Manase hakuzima kitu. Twende kituoni, nitayasema haya haya.

Benedikta alimkaza mtoto mgongoni. Hakushukuru. Alilitazama benchi, vikombe, dele la kahawa, kisha akamtazama yeye.

— Na siku tatu hizi zote, kaka, ulikuwa wapi?

Soud alikuwa ameshainua dele ili amwongeze mtu. Akalirudisha chini taratibu. Amour alivaa viatu, akatangulia njia ya kituoni.