Mzee Dakika Kumi, Kilomita Arobaini na Moja Kutoka Kwake

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto, aliye gereji aweke spana chini kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmekaa nyuma ya kisogo chake saa nyingi bila hata kumjua jina. Alikuwa dereva wa basi. Tulimwita Dakika Kumi. Alifariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sabini na minne, ndani ya gari lililoharibika kando ya barabara, kilomita arobaini na moja kutoka nyumbani kwake.

Narudia, maana ndiyo habari yenyewe. Kilomita arobaini na moja kutoka nyumbani kwake.

Mimi nilikuwa abiria wake, nikisoma shule ya bweni. Mzee alikuwa mwembamba, shingo ndefu, kola ya shati imenyooka kama rula. Aliendesha basi la masafa marefu miaka thelathini na mmoja, barabara ile ile. Njiani kuna mlima mkali. Ukiumaliza tu unakuta kalvati, na chini ya kalvati maji yanatiririka mwaka mzima. Hapo ndipo alipokuwa anasimama. Anashuka, anafungua boneti, anatazama saa yake ya mkononi, anaiacha injini ipoe dakika kumi kamili. Siyo tisa. Abiria wananuna, wanamwonyesha mabasi mengine yanavyotupita. Yeye wapi! Kama vile hasikii.

Siku moja mimi, kwa mdomo huu huu unaonilisha leo, nilitoa kichwa dirishani nikamwambia anatuchelewesha makusudi. Alinijibu bila kugeuka. "Mwanafunzi, sikukuahidi kuwahi. Nilikuahidi kufika."

Basi zima lilicheka, na mimi nikacheka. Tukafika. Miaka thelathini na mmoja, wasikilizaji wapendwa, na katibu wa stendi amenihakikishia kwamba mzee huyu hakuwahi kulaza abiria njiani hata siku moja.

Alipostaafu alirudi kwa mke wake, mama mmoja fundi cherehani anayeshona sare za shule. Nyumba waliijenga wenyewe, chumba baada ya chumba. Chumba chao kina dirisha linalotazama barabara, na mama anasema mzee alikuwa analala chali akisikiliza mabasi yakipita. Dereva akikosea kubadili gia, mzee anasonya. Humo humo ndani, pembeni ya dirisha, ndipo ilipo cherehani. Huyu anasonya, yule anashona. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, na waliyapenda.

Kisha mzee akaugua. Alilazwa hospitali kubwa ya mjini, mbali, wiki saba. Mwishoni daktari alimwita kando kitinda mimba wao, ambaye ni fundi miwani huko huko mjini, akamwambia kwamba dawa zilizobaki ni za kupunguza maumivu tu. Kijana alirudi wodini amejikaza, uso mkavu. Mzee hakudanganyika. Alimwomba jambo moja. "Nirudishe kwangu. Nataka nikafie kitandani mwangu, namsikia mama yako anashona."

Hilo tu. Hakuomba jingine.

Nilikwenda kuonana na kijana huyo Jumanne, sebuleni kwao. Alizungumza ametazama sakafu. Alinieleza kwamba alikuwa ametoka kununua gari, lililotumika, dogo, jeupe, safi kwa nje. Alilinunua kwa ajili ya safari hiyo, baba yake alale kiti cha nyuma kama binadamu. Muuzaji alimwapia kwamba gari lilikuwa la mama mmoja wa makamo, analiendesha kwenda kazini na kurudi. Mnawajua watu hawa. Kila gari wanalouza lilikuwa la mama mmoja wa makamo.

Walitoka hospitali saa kumi na mbili asubuhi. Mzee alilazwa nyuma, mito miwili, blanketi, na hita imewashwa kwa sababu mwili wake ulikuwa hautunzi joto tena. Kijana akawasha gari. Mzee akainua kichwa, akachungulia kati ya viti viwili vya mbele. Akauliza mshale wa joto uko wapi.

Kijana akamjibu kwa fahari kwamba uko katikati, na haujatikisika tangu alinunue.

"Injini haijapata moto bado," mzee akasema. "Ungekuwa mzima ungekuwa chini. Huo umekufa, mwanangu."

Kwa asiyejua magari nieleze. Mshale ule ndio unaomwambia dereva kwamba injini inachemka. Asubuhi gari likiwa baridi, unalala chini. Huu ulikuwa katikati asubuhi, katikati mchana, katikati siku zote. Kuna mtu aliufunga hapo, ili anayenunua asijue kwamba gari linachemka. Mzee aliligundua hilo akiwa amelala, mgonjwa, kwa kuchungulia mara moja. Kijana akacheka kidogo. Akamwambia, "Pumzika, baba, leo naendesha mimi." Wakaondoka.

Mpaka saa saba mchana mambo yalikuwa shwari. Ila mzee alianza kupotea. Aliita vituo vya zamani. Aliwaambia abiria wasiokuwepo wafunge madirisha. Kijana alimsikiliza huku machozi yanamtoka, mguu uko kwenye mafuta. Wakaanza kuupanda ule mlima. Mlima ule ule.

Karibu na kilele mzee akaacha kuita vituo. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kazini, "Hita inatoa baridi. Maji yameisha kwenye rejeta. Pale kwenye kalvati simama. Dakika kumi."

Wasikilizaji wapendwa, mzee alikuwa sahihi. Maji yakiisha, hita haina cha kupasha, inapuliza baridi. Kila dereva wa zamani anajua. Lakini kijana ni fundi miwani. Alitazama kwenye kioo akaona midomo imekauka, macho yameingia ndani, na mtu anayelalamika baridi saa saba mchana. Akatazama mshale. Katikati. Akaamini mshale, hakumwamini baba yake.

"Nilijua ananiponyoka," aliniambia. "Nilidhani baridi ni yake. Nikaona nikisimama dakika kumi nitamkosesha kitanda chake. Nikakanyaga mafuta."

Wakalipita kalvati. Wakayapita maji. Kijana aliona kwenye kioo mzee ameweka kiganja kwenye kioo cha dirisha, anapatazama mahali pake pakirudi nyuma.

Kilomita tisa mbele injini iligonga kama kijiko ndani ya kopo, ikafa. Kijana akajaribu ufunguo. Kimya. Akafungua boneti, mvuke ukamfukuza. Kule nyuma akili za mzee zilikuwa zimerudi zote, na hilo, anasema kijana, ndilo lililomuumiza kuliko yote. Mzee alimuuliza mpira wa maji umechanika wapi. Akamwambia asiguse kifuniko cha rejeta, ataungua. Akamwambia ajaribu ufunguo mara moja tu, asikilize. Kijana akasikiliza. Hakuna kitu.

"Basi," mzee akasema. "Imenoki hiyo, haiwaki tena. Zimebaki ngapi?"

"Arobaini na moja, baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Hakumlaumu. Kijana anasema afadhali angemlaumu.

Kijana alipiga simu kila alikojua. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda upande mwingine. Jirani mwenye gari alikuwa safarini. Alisimama katikati ya lami mikono juu. Gari moja lilisimama, limejaa watoto na mizigo, wakampa maji ya kunywa na pole. Mengine yalimkwepa. Yalipita na mabasi pia, wasikilizaji wapendwa. Mabasi. Moja ni la kampuni ile ile aliyoitumikia mzee, lilipiga honi ndefu apishe njia. Dereva wake simjui, na sitaki kumjua.

Saa nane na nusu mama alipiga simu akauliza wamefika wapi. Kijana akamwambia wamekaribia. Mama akafurahi. Akaenda kubadilisha shuka mara ya pili, akasogeza cherehani karibu zaidi na kitanda.

Mzee alifariki saa tisa na nusu. Kabla ya hapo alimshika mwanawe mkono wa shati, akamvuta. "Mwambie mama yako nitachelewa kidogo," akasema. Ndiyo maneno yake ya mwisho.

Saa kumi lilisimama lori la saruji. Dereva wake alivua kofia, akatoa mnyororo, akalifunga lile gari nyuma ya lori. Gari linalovutwa linahitaji mtu kwenye usukani. Kijana akakaa, usukani mzito, breki ngumu, baba yake amelala nyuma amefunikwa blanketi. Wakaenda mwendo wa baiskeli. Kabla ya kufika kuna kilima kidogo. Lori lilipokimaliza lilisimama. Dereva akashuka, akaja dirishani. Hakumjua mzee, hakujua lolote. Akasema, "Samahani, kaka, injini imepata moto. Tuipe dakika kumi."

Kijana alikaa dakika hizo kumi bila kuachia usukani. Anasema hajatoka ndani ya dakika hizo mpaka leo.

Mama alikuwa getini tangu saa tisa. Kwa kuwa gari limevutwa alidhani limeharibika tu. Alikwenda moja kwa moja mlango wa nyuma, akaufungua, akamfunua blanketi usoni, akawa anamwambia mumewe kwamba kitanda kiko tayari. Nilimuuliza alijua lini. Akanijibu, "Neno nilikuwa nimeshalianza. Nikalimaliza. Ndiyo nikamfunika tena."

Lile gari jeupe bado liko uani. Kijana hajarudi kazini. Anaingia humo, anakaa kiti cha dereva, anatazama mshale. Uko katikati. Mama hajashona tangu siku hiyo, na sare za watoto wa watu zimekaa zimekatwa, hazijaunganishwa.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa mama mjane, kwa kijana, na kwa ukoo mzima. Pole kwenu, madereva wa zamani mliosimama naye pale kwenye kalvati. Na wewe uliyeufunga mshale ule, kama redio yako iko wazi, sina pole yako. Kaa na hili ninalolisema. Sisi wengine, wasikilizaji wapendwa, tujiulize ni mara ngapi mzee ndani ya nyumba amesema jambo la kweli kwa sauti dhaifu, tukaona ni ugonjwa unaosema.

Nilipokuwa naaga nilimuuliza kijana angependa nifunge vipi kipindi hiki. Nilitaka niseme mzee amepumzika, kama tunavyosema siku zote. Akakataa. Akasema, "Usiseme amepumzika. Usiseme amefika. Sema aliniambia nisimame, sikusimama."

Nimesema, mwanangu. Watu wote wamesikia.