Bwana Matone na Safu Mbili za Mirehani

Miaka thelathini na miwili ametumika, na tarehe thelathini ya mwezi huu Bwana Matone analitundika koti lake jeupe. Jina hilo tulimpa sisi wa kituo hiki cha mimea ya dawa, kwa sababu kazi yake ni kupima kwa matone dawa ya kurekebisha ukuaji, mimea iinywe, ukame ukija isife.

Alikuja mwembamba kama mpini wa fagio, akawekwa kuosha chupa. Alipokabidhiwa banda la mimea, maswali yakaanza. Kwa nini mmea huu umenyauka na jirani yake, udongo uleule, umesimama? Mara ya kwanza alizidisha dawa, mirehani ikadumaa. Dereva wa kituo akasema tumewapandia sisimizi msitu. Hakununa, alileta rula akaipima mmoja mmoja. Ndipo akajua: dawa kidogo huufunza mmea kubana maji yake, ikizidi huuvunja mgongo.

Mwaka jana mkurugenzi akasema banda lioneshe faida, la sivyo ligeuzwe stoo. Bwana Matone akapanga safu mbili za mirehani, vyungu arobaini kila safu: moja akainyunyizia dawa, nyingine maji matupu. Kisha akakataza kumwagilia siku kumi na nane.

Sasa niseme ukweli. Anayefagia banda lile ni mimi, na nimelea watoto saba, wajukuu siwataji. Siwezi kuona kitu kimeinamisha kichwa kwa kiu nikapita. Kila alasiri niliinywesha ile safu isiyo na dawa, kikombe kikombe. Siku ilipofika, safu zote zimesimama kama gwaride! Mkurugenzi akasema basi, dawa haina kazi, leteni makufuli.

Mwingine angevunja chupa. Yeye alichomeka kidole kwenye chungu cha safu isiyo na dawa, akakitoa kina unyevu, akachomeka na kwenye chungu cha pili. Akaja kuniuliza, bila ukali, ni vikombe vingapi na saa ngapi. Nikalia, yeye anaandika. Kwa mkurugenzi akaomba siku kumi na nane nyingine, akadai kosa ni lake, hakutueleza. Uongo mtupu. Alitueleza, mimi nikajitia uziwi.

Safari hii nilifagia nimegeukia ukuta. Safu isiyo na dawa ikakauka yote. Yenye dawa ilisimama thelathini na saba, na majani yalipopimwa, nguvu yake ya tiba ilikuwa palepale. Banda likabaki banda. Sisi tunapiga makofi, yeye kachuchumaa kwa ile mitatu iliyokufa, anachimbua mizizi aone ilikosa nini.

Bwana Matone, mdogo wangu, asante kwa kunisitiri. Nenda ukaishi vyema, ule ushibe, ulale uamke na swali jipya. Na ukijua kilichoiua ile mitatu, rudi utuambie. Na sisi tunataka kujua.