Herufi T.N. Mlangoni mwa Ekskaveta

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama mnakula, malizeni kwanza, maana leo kuna mahali patawatia kinyaa.

Tunamkumbuka Tharsisi Nkunzimana, fundi wa mitambo wa Kasulu. Mitambo ya mitumba, lakini: ekskaveta, zile mashine za kuchimba, zilizochoka huko zilikotoka, zikapakwa rangi, zikaitwa mpya. Tharsisi alikuwa anazipima injini. Kuanzia Kasulu hadi Kibondo, ekskaveta ikiuzwa, Tharsisi ndiye aliyepima injini.

Alifika nchi hii mgongoni kwa mama yake, wakitokea Burundi. Akakulia Munanila. Akalima, akauza ndizi, akaosha vipuri kwa dizeli mpaka vidole vikachubuka. Ufundi wenyewe aliupata kwa kuaibika. Ekskaveta moja huko Gwarama ilitoa namba ya hitilafu: presha ya oili iko chini. Tharsisi akabadilisha sensa, yaani kile kifaa kidogo kinachoipelekea kompyuta habari za injini. Namba ikarudi. Akabadilisha ya pili. Ikarudi. Akabadilisha ya tatu. Kumbe soketi ya waya ilikuwa imeingia maji! Mwenye mtambo alimwita majina ambayo redio hii haina leseni ya kuyatangaza.

Zile sensa tatu alizozing'oa bure alizifunga kamba, akazitundika mlangoni mwa gereji. Ukimuuliza, anakujibu, "Hicho ni kiburi changu. Nimekianika kikauke."

Tangu hapo hakuiamini namba mpaka aihoji. "Namba ni mlalamikaji tu," alikuwa anasema, "mshtakiwa hajasikilizwa bado." Anatoa sensa, anafunga geji, kipimo cha mshale, mahali pake, anasoma presha kwa macho yake. Halafu anachukua rangi nyeupe, anaandika ndani ya mlango wa dereva: tarehe, namba ya hitilafu aliyoikuta, presha aliyoipima. Chini yake, T.N. Wanunuzi wa Kibondo walikuwa wanafungua mlango kwanza, cheni za kutembelea wanaziangalia baadaye.

Sasa sikilizeni uchafu. Mfanyabiashara mmoja wa mitambo, Godson, alikuwa na ekskaveta yenye presha mbovu. Atengeneze injini? Thubutu! Alikata waya wa sensa, akaunga hapo kidude kidogo kama punje ya mpunga, kompyuta ikawa inadanganywa kila saa kwamba oili iko sawa. Tharsisi alifunga geji yake, akaukuta ukweli, akamwonyesha. Godson wala hakuona haya. Alitabasamu kama muuza sabuni.

"Fundi, niandikie 'safi' na herufi zako. Mbili tu."

"Shika brashi, Godson. Andika zako. G ni rahisi."

"Zangu nani atazisoma?"

"Ndiyo hapo sasa."

Godson akapita kwa wafanyabiashara wenzake, akawaambia fundi huyu ni mkosi. Mwaka mzima gereji ilipwaya. Nyumba ikala maharage ya shamba la mkewe, Immakulata, ambaye ndiye pia aliyekuwa anamshikia tochi kazini. Tharsisi hakuandika. Alikuwa na herufi mbili tu za kuwaachia wanawe, na hakutaka kuziacha zikiwa chafu.

Mwezi uliopita presha ya damu ikamwangusha, hakuinuka tena. Ndiyo, wasikilizaji. Alipima presha za mitambo ya watu, ya kwake akaiacha. "Kichwa kinamuuma wiki nzima," Immakulata anasema, "namwambia twende hospitali, ananijibu, mama Nadine, hii ni soketi tu." Alicheka akitusimulia hivyo. Kisha hakucheka tena.

Siku ya mazishi, majirani wakiwa na majembe mkononi, ekskaveta ikaingia ikinguruma. Godson huyo, na mtambo mwingine!

"Shemeji, nimeleta mtambo. Fundi tumchimbie kwa heshima."

Nyuma yake alikuwa Dionis, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa Kagerankanda, aliyetaka kuununua mtambo huo huo kwa ajili ya mifereji yao. Godson akamfungulia mlango mbele ya waombolezaji, polepole, makusudi. Ndani, kwa rangi nyeupe: SAFI. T.N.

Immakulata aliiona. Mumewe hajafukiwa, na jina lake limeshapewa kazi ya kuuza uongo.

"Mwenyekiti," alisema, "mume wangu hakuwahi kuandika safi. Aliandika namba. Panda. Geuza ufunguo hatua moja, usiwashe injini."

"Mama Nadine, leo ni msiba," Godson akadakia.

"Najua, sha. Ni wangu. Geuza, mwenyekiti."

Dionis akageuza. Taa za onyo zikawaka. Kwa hatua hiyo zote huwaka kwanza, zijipime, ndipo zizime.

"Ya oili iko wapi?" Immakulata akauliza.

Haikuwepo. Mahali pake palikuwa na tundu lililozibwa kwa gundi nyeusi; taa imeng'olewa isije ikasema ukweli. Dionis akashuka, akatema mate pembeni.

"Yewe! Huu ndio nilikuwa nawapelekea wenzangu?"

Immakulata akachukua jembe la jirani. Akaikwangua T. Akaikwangua N. SAFI akaiacha.

"Hiyo ni yako, Godson. Kaa nayo. Sasa ondoa mtambo wako mahali pa kaburi la mume wangu, unanuka."

Kaburi lilichimbwa kwa majembe. Wa kwanza kushuka shimoni kuchimba alikuwa Dionis, na suruali yake ya mkutanoni.

Kwa Immakulata, kwa Nadine na wadogo zake, kwa ukoo wote hapa na ng'ambo ya mpaka: poleni sana. Tharsisi Nkunzimana, fundi wa mitambo wa Kasulu, amelala mahali palipochimbwa na mikono ya watu.

Na wewe unayetusikiliza, kesho asubuhi, kabla hujawasha chochote chako, geuza ufunguo hatua moja. Subiri. Zihesabu taa. Ukikuta moja haiwaki, usishukuru. Uliza nani kaing'oa.