Tumbo Alilolinyamazisha Fundi Tindo

Ndugu yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Tindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1982, akajifunza uashi miaka miwili. Kuanzia 1985 alikata mawe ya meza za jikoni, mdomoni kitambaa tu, vumbi jeupe hadi kwenye kope.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1994. Siku ya posa, kabla hata ya salamu, aligonga kizingiti akasema kimekaa upande. Baba mkwe akamuuliza, "Kijana, umekuja kuoa au kukagua?" Wakajaliwa mapacha wa kike.

Vumbi lilimla mapafu polepole. Tarehe 3 Juni 2022 alipandikizwa mapafu mawili. Tangu hapo kila asubuhi alipuliza kipimo cha pumzi, na nyumba nzima ikauliza, "Ngapi leo, Baba Pacha?" Namba ikiwa nzuri, chai ilinyweka.

Februari mwaka huu tumbo lilijaa. Siku nne hakupata choo, chakula akakisukuma pembeni. Mkewe akashika simu awapigie kliniki.

"Wacha, Mama Pacha. Wale ni watu wa mapafu. Hii ni gesi tu."

"Gesi gani ya siku nne?"

"Mbona namba nzuri?"

Kweli ilikuwa nzuri. Sote tukaitazama namba, tumbo tukaliacha.

Siku ya sita binti mmoja aliona shati la baba halifungi, akamwita dereva wa teksi ampeleke hospitali, bila kuomba ruhusa. Daktari wa upasuaji alitueleza: dawa zinazolinda mapafu ya kupandikizwa huficha maumivu ya tumbo. Utumbo ulikuwa umetoboka, naye akihisi kichomi kidogo tu. Walimpasua mchana uleule, lakini sumu ilishaingia kwenye damu. Alifariki tarehe 19 Februari 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Mapafu, walisema, hayakuwa na kasoro.

Mjane ameomba hili lisomwe: mwenye mapafu ya kupandikizwa, tumbo likikusumbua hata kidogo, usilivumilie, usijitibu. Piga simu kliniki siku hiyohiyo. Hutamsumbua mtu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na ndugu wanne. Ipo pia familia tusiyoijua, iliyomzika mtu wao ili huyu wetu aongezewe miaka miwili na miezi minane. Nao tunawapa pole leo.

Lala salama, kaka. Mungu akupokee.