Aliyebandua Plasta Kwenye Simu Zetu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bwana Anyelwisye Mwakifuna anakabidhi funguo za ghala la ushirika wetu wa mpunga hapa Busale, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Pamoja na funguo anakabidhi muhuri, kipima unyevu, na ile simu ya ofisi iliyopasuka kioo pembeni, ambayo ndiyo imeendesha kikundi chake cha WhatsApp cha habari za simu na usalama wake. Funguo na muhuri havikumsumbua. Simu ndiyo iliyomnyima raha wiki mbili hizi, na sababu yake nitaifikia.

Alianza mwaka 1996 akiwa mbeba magunia. Msimamizi wa wakati ule aligundua kwamba kijana huyu akishabeba gunia anakumbuka ni la nani hata baada ya mwezi, akampa kalamu. Akawa karani wa mizani, kisha mtunza ghala. Wakulima wa hapa mpaka Njisi wanamwita Taata, yaani baba, hata wale aliowazidi mwaka mmoja tu. Mizani yake haijawahi kugombewa. Gunia lenye mpunga mbichi alilirudisha kwa mwenyewe kwa upole, akamwonyesha na mahali pa kuanikia.

Sasa hizo plasta. Wenye miaka mingi hapa wanakumbuka siku za kupima mpunga zilivyokuwa. Vijiji vingi havikuwa na umeme, na ghala lina sola, kwa hiyo kila mkulima alikuja na gunia pamoja na simu ya kuchaji. Ili simu zisichanganywe, kila moja ilibandikwa plasta mgongoni, ile ya kidonda, na juu yake limeandikwa jina la mwenyewe na namba yake ya siri. Ndiyo, na namba ya siri. Tuliona ni ustaarabu, maana ujumbe ukiingia mwingine aweze kukusomea.

Mwaka 2016 mtu asiyejulikana mpaka leo alichukua simu ya mzee Lazaro, akasoma plasta, akaweka statasi kwamba Lazaro anaoa mke wa pili Jumamosi na wote mnakaribishwa. Lazaro mwenyewe alikuwa kwenye foleni ya mizani, hana habari. Kabla mpunga wake haujapimwa, shemeji zake wanne walishafika kutoka Njisi na pikipiki mbili. Leo tunacheka, na Lazaro anacheka kuliko wote, lakini siku ile mkewe alifungasha nguo.

Bwana Mwakifuna aliona kosa ni lake, kwa sababu simu zilikuwa chini ya ulinzi wake. Alimfuata mke wa Lazaro akamweleza. Kisha akarudi ghalani, akakaa chini na wembe, akabandua plasta zote thelathini na nne moja baada ya nyingine. Wiki hiyohiyo akafungua kikundi. Wa kwanza kuingia alikuwa mke wa Lazaro.

Kuanzia hapo, kila saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani, aliweka habari moja. Moja tu. Labda ni programu mpya ya simu, labda ni wezi wa akaunti wamekuja na njia nyingine, labda ni kampuni ya mbali inayokusanya taarifa za watu. Aliisoma kwanza kwa Kiingereza chake cha polepole, kamusi pembeni, halafu akaiandika kwa Kiswahili cha mtu wa ghalani. Baada ya hapo ni mjadala. Hatuwezi kusahau habari ya programu ya tochi iliyokuwa inaomba kusoma namba zote ulizohifadhi. Alituuliza swali moja: "Tochi inataka namba za shemeji zangu za nini?" Siku ile watu wengi waliiondoa kwenye simu zao, na maneno hayo mpaka leo yanasemwa sokoni mtu akikuuliza yasiyomhusu.

Athuman, mwenye duka la simu Kyela mjini, aliingia ili ambishie, na alimbishia miaka yote tisa. Hebroni wa upande wa Malawi aliingia kwa sababu ya dada yake aliyeolewa huku, akawa anatuletea habari za mitandao ya kwao. Kikundi kikafika watu mia nne na kumi na wawili.

Alikosea pia, tena sana. Mwaka 2019 alituonya tusikubali kuapdeti simu kwa sababu picha zitafutika. Karibu wote tukagoma kuapdeti. Athuman akachimba, akagundua habari ile ilikuwa ya miaka mitatu nyuma na ya simu ambazo hapa hazipo. Bwana Mwakifuna hakuifuta kimyakimya. Alichukua baiskeli akawapitia wasiokuwa na bando, mmojammoja, kuwaambia kwamba amewadanganya bila kujua. Kisha akajinyamazisha wiki nzima. Ilipofika siku ya nne Athuman mwenyewe aliandika kwamba simu yake imekuwa kama redio isiyo na betri, Taata arudi. Aliporudi alikuja na sharti lake: hakuna kuleta habari bila kusema nani kaiandika, lini, na kama wewe mwenyewe umeijaribu.

Nieleze sasa kilichomtesa. Mimi ni Doreen, mfagiaji na mpishi wa chai wa ofisi. Nilikomea kidato cha pili. Machi 2022 nilijifungua mwanangu Israeli, na siku ileile nikampiga picha amelala, kadi yake ya kliniki ikiwa kifuani, jina, tarehe, kijiji na namba yangu vyote vinasomeka. Hapa kwetu ndivyo tunavyofanya. Nilitaka kuiweka statasi, simu ikanikatalia kwamba imejaa, nikamtumia Bwana Mwakifuna picha hiyo kwenye simu ya ofisi kumwuliza nifanyeje. Alinijibu kwamba mtoto ni mzuri sana, ila kadi ile ni ya mtoto na siyo yetu, nisubiri akue aamue mwenyewe. Sikuiweka.

Kabla mwezi huo haujaisha maji yakaja kama yanavyokuja kila mwaka, safari hii mpaka kitandani. Simu yangu ilikwenda na maji, na picha ikaenda. Nilijua hata kwake haipo, kwa sababu kila mwisho wa mwezi alifuta vyote alivyotumiwa pembeni, nje ya kikundi, na alitutangazia hivyo. Sikumwuliza. Mwanangu akakua, nami sina sura yake ya siku ya kwanza.

Jumanne ya wiki iliyopita aliniita ghalani, simu ya ofisi mkononi. Ilikuwa isafishwe kabla ya kukabidhiwa. Hakukaa.

"Mama Israeli, kuna kitu chako humu nimekaa nacho bila ruhusa yako," akasema. "Nilisikia simu yako imechukuliwa na maji, mkono ukakataa kufuta. Nikasema nitampa akinunua nyingine. Ulipokuja kununua, nikaona aibu, maana ningekiri kwamba ninachowafundisha sikukifanya. Nisamehe, mwanangu."

Akanitumia picha, akasubiri mpaka niifungue kwangu, halafu akaifuta kwake huku nikiangalia, na baada ya hapo akaisafisha simu yote, ikabaki kama imetoka dukani. Ndiyo hiyo iliyo mezani leo. Nilimwambia, "Ndaga fijo, Taata." Asante sana, hiyo tu.

Wengi mmeuliza kikundi kitakufa au la. Hakitakufa. Yeye atabaki mwanachama kwa namba yake mwenyewe, na Jumatatu saa nne atakayeweka habari ni mimi, kwa sharti lilelile. Nilimwambia Kiingereza changu ni kidogo kuliko chake. Alinipa kamusi.

Kila nilichoandika hapa niliwaomba ruhusa kwanza, yeye na Lazaro na mkewe, na wamekubali. Waandaaji wa sherehe walitaka pia niweke ile picha ukurasa huu, wageni waione. Picha ninayo, lakini mwenyewe ana miaka mitatu. Tutamsubiri.

Bwana Mwakifuna, ushirika wote unakushukuru kwa magunia, kwa mizani, na kwa siri zetu ulizozilinda hata pale mkono wako ulipokataa. Nenda ukapumzike nyumbani kwako ukiwa na afya, mpunga wako ukauke vizuri, na simu yako isiishiwe chaji. Saa nne tukikosea, tunajua utatuuliza imeandikwa lini.