Ghairi au Endelea

Benchi la kona lilikuwa limejaa, na kila aliyelikalia alikuwa ameikodolea macho simu ya Fundi Cherehani, isipokuwa Fundi mwenyewe, maana haoni kitu. Balaa lenyewe lilianzia hapohapo. Macho yamemchoka, pesa za miwani kaziweka kwenye simu, mara likaja tangazo: Klabu ya Macho Maangavu, mazoezi ya macho, wiki nzima bure. Akajiunga, akawapa na namba ya siri ya pesa zake, eti aokoe pesa za miwani. Wiki inaisha leo saa nne asubuhi, na ikigonga tu, klabu inajikatia yenyewe ada ya mwaka mzima. Miwani ndiyo imekwenda hiyo. Na hakuwa amemwambia mtu kwamba siku hizi hata kutia uzi kwenye sindano ni vita. Fundi asiyeona sindano, nani atampa kitambaa?

— Soma tena, aliomba.

Wakili, aliyepata jina hilo kwa kuitwa mahakamani mara moja kama shahidi, alikohoa kwanza.

— "Unataka kujitoa?" Halafu vitufe viwili: GHAIRI. ENDELEA.

— Si abonyeze Ghairi! alisema Rubani, msukuma mkokoteni.

— Aghairi nini? Jana kabonyeza hicho, wakamjibu, "Tumefurahi umebaki nasi." Kisheria, alighairi kujitoa.

— Basi Endelea.

— Aendelee kujitoa, au aendelee na klabu?

Muuza kahawa akajaza vikombe.

— Mimi nawajua hawa, Rubani alianza. Wanakuona kwenye kamera. Wakikuona una woga, wanabadilisha vitufe. Funika kamera, bonyeza ghafla!

— Zima simu, alisema muuza kahawa. Wakija saa nne wakukose nyumbani.

— Dawa ni moja, Wakili akakata shauri. Tuwaandikie Fundi amefariki. Marehemu hakatwi pesa.

— Thubutu! Rubani akadakia. Marehemu ndiye wanayemkata vizuri, hana wa kumfuatilia.

Wakacheka. Fundi naye alicheka. Alitaka kulia, basi tu aliona haya.

Ndipo akafika mama mmoja, mteja wake wa miaka mingi, na kitambaa cheupe kwapani. Binti yake anaolewa. Wakamsimulia mkasa wote, kila mtu kwa namna yake. Mama akawatazama mmoja mmoja.

— Sasa Fundi, kama ilikuwa bure, namba ya siri ya pesa zako walitaka ya nini?

Wakili alitazama kikombe chake. Rubani akajikuna shingo. Saa nne ikagonga, simu ikatetemeka juu ya benchi, nao katika ubishi wote ule hawakuwa wamebonyeza chochote.

— Soma, Wakili, Fundi aliomba.

— "Hongera! Wewe sasa ni mwanachama wa mwaka mzima. Zoezi la leo: tazama mbali."

Fundi hakutazama popote. Alichomoa sindano kwenye ukosi wa shati, akapapasa uzi mfukoni, akamnyooshea mama vyote viwili, mbele ya watu.

— Dada yangu, nitilie. Mimi siwezi tena.

Mama akakitua kitambaa juu ya benchi, akatia uzi mara moja tu, akamrudishia sindano. Kisha akakikunja kile kitambaa cheupe polepole, akakirudisha kwapani.

— Nitapita siku nyingine, Fundi, alisema.